Kufunga rimu za aloi kwenye gari la zamani: pata ofseti sahihi kabla hujatoa pesa

Tatizo huwa ni lile lile. Mtu ananunua rimu nzuri, matundu yanalingana, nati zinaingia bila kulazimishwa, gari linapigwa picha. Halafu inakuja kona ya kwanza yenye abiria kiti cha nyuma, na tairi linaanza kukwangua fenda. Au usukani ukikatwa hadi mwisho, tairi linasugua shokapu. Au halikwangui popote, ila gari likifika kilomita 90 kwa saa usukani unatetemeka, na hakuna balansi inayoutuliza.

Ukichunguza visa hivi, mara nyingi mwenye gari aliangalia namba mbili tu: inchi za rimu na idadi ya matundu. Zipo nyingine nne, yaani PCD (kipenyo cha duara la matundu ya nati), tundu la katikati, upana na ofseti (kiasi gurudumu linavyokaa ndani au nje ya gari). Ofseti ndiyo inayowaumiza wengi zaidi, kwa sababu rimu yenye ofseti mbaya hukubali kufungwa bila kulalamika.

Kwenye gari jipya unaweza kuamini jedwali. Gari lenye miaka thelathini ni habari nyingine. Jedwali linaeleza gari lilivyotoka kiwandani. Halijui springi zimelala kiasi gani, fenda imegongwa na kunyooshwa mara ngapi, wala kama kuna fundi aliyewahi kubandika breki za gari jingine. Ndiyo maana mwongozo huu una kupima kwingi kuliko kufunga.

## Vifaa vya kuandaa

- Jeki, stendi mbili za gari na vizuizi vya magurudumu
- Spana ya magurudumu, na spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza) inayofika angalau Nm 150
- Venia (kifaa cha kupima milimita kwa kubana), rula ya chuma, na ubao ulionyooka wenye urefu unaozidi kipenyo cha rimu
- Brashi ya waya na msasa wa kuondoa kutu
- Chaki, na udongo laini wa kuchezea watoto
- Karatasi na kalamu. Usitegemee kichwa, utakuwa na namba zaidi ya ishirini
- Kitabu cha gari, au kibandiko cha matairi kilichoko kwenye mlango au kifuniko cha tangi

Nati au bolti mpya, ringi za habu (habu ni kitovu ambacho rimu hufungwa juu yake) na matairi vinunue baada ya vipimo, si kabla.

## Kusoma rimu kwa dakika moja

Nyuma ya rimu, au ndani kwenye mikono yake, utakuta maandishi kama 7Jx15 ET35 4x100. Saba ni upana kwa inchi, J ni umbo la ukingo unaoshika tairi, 15 ni kipenyo kwa inchi, na 4x100 ni matundu manne kwenye duara la milimita 100. Hiyo ndiyo PCD.

ET35 ndiyo ofseti, milimita 35. Chukua mstari unaopita katikati kabisa ya upana wa rimu, kisha uangalie uso unaogusa habu uko umbali gani kutoka mstari huo. Uso huo ukiwa upande wa nje, upande unaoonekana barabarani, ofseti ni chanya. Ukiwa juu ya mstari wenyewe, ni sifuri. Ukiwa upande wa ndani, ni hasi.

Kaa na kanuni hii moja: ET ikipanda, gurudumu linaingia ndani ya gari, ET ikishuka, gurudumu linatoka nje.

## Hatua ya 1: Kagua gari, acha rimu kwanza

Inua kila gurudumu, lishike juu na chini ulitikise, kisha ulishike kushoto na kulia. Likicheza juu na chini, shuku beringi au boljointi. Likicheza kushoto na kulia kwa magurudumu ya mbele, shuku tairodi. Bushi zilizopasuka utaziona kwa macho ukilala chini na tochi.

Sababu ya kuanza hapa ni kwamba gurudumu lililolegea halikai mahali pamoja. Nafasi utakayoipima leo gari likiwa limesimama haitakuwepo ukipiga breki kwenye kona. Tena rimu pana huongeza mzigo kwenye sehemu hizo hizo zilizochoka.

Shusha gari. Kwenye ardhi tambarare pima kutoka katikati ya habu kwenda juu hadi ukingo wa fenda, pande zote nne, uandike. Kushoto na kulia zikitofautiana kwa zaidi ya milimita 10 hivi, kuna springi iliyolala au bodi iliyopinda. Rekebisha hilo kwanza, ama ukubali kwamba utachagua rimu kwa kufuata upande mbaya.

Umefaulu kama: hakuna kinachocheza, na urefu wa pande mbili unakaribiana.

## Hatua ya 2: Pima habu

Kwa matundu manne, PCD ni umbali kutoka katikati ya stadi moja (bolti iliyosimama kwenye habu) hadi katikati ya stadi inayotazamana nayo. Kwa matano hakuna zinazotazamana, kwa hiyo pima stadi mbili zinazofuatana, katikati hadi katikati, uzidishe kwa 1.701. Ukipata milimita 58.8 ni 5x100, 65.8 ni 5x112, 67.2 ni 5x114.3, 70.5 ni 5x120.

Ona jinsi 5x112 na 5x114.3 zilivyo karibu: kati ya stadi na stadi tofauti haifiki milimita moja na nusu. Jicho haliioni. Vivyo hivyo 4x98 ya Fiat na Alfa Romeo za zamani dhidi ya 4x100. Nati mbili zitakaa, nyingine mbili zitavutwa kimshazari mpaka zionekane zimekaza. Rimu iliyofungwa hivyo hujilegeza yenyewe barabarani. Kwenye PCD hakuna "karibu sawa".

Kisha pima mdomo wa katikati ya habu kwa venia. Corolla za 4x100 zina 54.1, Civic za miaka ya 1990 zina 56.1, Volkswagen Golf ya pili (ya kizazi cha pili) na BMW E30 zina 57.1. Rimu nyingi za madukani hutobolewa kwa upana, mara nyingi 73.1, ili ziingie magari mengi. Hilo ni sawa, maana pengo litajazwa na ringi. Kinyume chake hakina njia ya mkato: tundu la rimu likiwa dogo kuliko habu, rimu haikai mpaka ipelekwe kwa fundi wa kukereza, na si kila rimu ina nyama ya kutosha kukerezwa.

Mwisho, hesi, yaani uzi wa stadi: namba ya kwanza ni kipenyo, ya pili ni umbali kati ya uzi na uzi, kwa milimita. Toyota, Honda na Mitsubishi nyingi za zamani ni M12x1.5, Nissan na Subaru ni M12x1.25. Nati ya 1.5 kwenye stadi ya 1.25 huingia mizunguko michache kisha hukaza. Anayelazimisha kwa bomba refu huharibu stadi.

## Hatua ya 3: Tafuta ofseti ya rimu zilizopo

Rimu za chuma za zamani aghalabu hazisomeki kwa kutu na rangi. Ukishindwa kusoma, pima. Ni vyema rimu iwe haina tairi.

Ilaze rimu uso chini juu ya kitambaa. Pitisha ubao juu ya ukingo wa nyuma, upime kutoka ubao hadi uso unaogusa habu. Hicho ndicho kina cha nyuma. Kisha pima upana wote wa rimu, ukingo hadi ukingo kwa nje. Upana huu huwa mkubwa kuliko ulioandikwa, kwa takriban inchi moja, kwa sababu maandishi huhesabu pale tairi linapokaa tu.

Ofseti = kina cha nyuma − nusu ya upana wote.

Mfano: rimu ya 7J ina upana wote wa karibu milimita 203, nusu yake 101.5. Kina cha nyuma kikiwa 139.5, ofseti ni 38.

Fanya hivi hata kwa rimu ya mtumba yenye maandishi. Zipo zilizokerezwa uso wa ndani ili ziingie gari fulani, na namba iliyochongwa juu yake haina tena ukweli.

## Hatua ya 4: Pima nafasi iliyopo

Gari likiwa chini kwa magurudumu yake ya sasa, tafuta mahali ambapo tairi au rimu iko karibu zaidi na kitu kingine upande wa ndani. Mbele huwa shokapu au sahani ya chini ya springi. Nyuma huwa shokapu, bomba la breki au ukuta wa ndani wa bodi. Pitisha vijiti vya unene unaojulikana, au bonyeza udongo laini mahali hapo, uutoe na kuupima kwa venia.

Kata usukani hadi mwisho kulia, pima tena. Kata kushoto, pima tena. Kinachogusa ukiwa umekata usukani si lazima kiwe kile kinachokaribia ukiwa umenyoosha. Mara nyingi ni kona ya mbele ya tao la fenda au fimbo ya stabilaiza.

Upande wa nje, tundika uzi wenye kitu kizito juu ya ukingo wa fenda uning'inie mbele ya tairi, upime kutoka uzi hadi ubavu wa tairi. Kumbuka pia mdomo wa fenda uliokunjwa kwa ndani. Hapo ndipo tairi hukatwa, na usipoingiza kidole huuoni.

Andika kila gurudumu peke yake. Magari ya zamani hayalingani kushoto na kulia, hasa nyuma, na tofauti ya milimita kadhaa isikushangaze.

Umefaulu kama: una namba tatu za ndani kwa kila gurudumu la mbele, yaani usukani ukiwa umenyooka, kulia na kushoto, moja ya ndani kwa kila la nyuma, na namba ya nje kwa yote manne.

## Hatua ya 5: Piga hesabu ya kingo mbili

Hapa ndipo penye kiini cha kazi yote, kwa hiyo tusiharakishe.

Swali la "gari langu linachukua ET ngapi?" halina jibu mpaka useme upana. Unachotaka kujua ni ukingo wa ndani wa rimu mpya utasogea wapi, na ukingo wa nje utasogea wapi, ukilinganisha na rimu ulizonazo.

Ukingo wa ndani = nusu ya upana + ET
Ukingo wa nje = nusu ya upana − ET

Geuza inchi kuwa milimita kwa kuzidisha kwa 25.4. Fanya hesabu kwa rimu ya zamani na mpya, kisha toa.

Chukua Golf ya pili yenye rimu za kiwandani za 5.5Jx13 ET38. Mwenyewe anataka 7Jx15 ET35. Nusu ya 5.5J ni 69.9; nusu ya 7J ni 88.9.

Ndani: ya zamani 69.9 + 38 = 107.9. Mpya 88.9 + 35 = 123.9. Rimu inaingia ndani kwa milimita 16.

Nje: ya zamani 69.9 − 38 = 31.9. Mpya 88.9 − 35 = 53.9. Rimu inatoka nje kwa milimita 22.

ET imebadilika kwa 3 tu, lakini kingo zimehama kwa 16 na 22. Anayekuambia "ofseti karibu ni ile ile, itaingia" amesahau kwamba rimu imeongezeka upana wa inchi moja na nusu. Rimu hiyo hiyo ya 7J ikiwa ET45, ndani inaingia 26 na nje inatoka 12. Ikiwa ET20, ndani inaingia milimita moja tu, na nje inatoka 37, yaani umeshavuka fenda.

Kosa la pili ni kuamini kwamba gari la kampuni ile ile halina shida. Mercedes W123 na W124 zote ni 5x112 zenye tundu la 66.6, na rimu ya moja inakaa kwenye habu ya nyingine kama imezaliwa nayo. Lakini W123 ilitoka na 6Jx14 ET30, wakati W124 ina 6.5Jx15 ET48 au 49 kulingana na rimu. Weka ya W124 kwenye W123 na ukingo wa ndani unaingia takriban milimita 25, huku wa nje ukirudi nyuma kama 12. Gurudumu linaonekana limezama, na ndani linatafuta kitu cha kugonga.

Jambo hili huwakumba sana wenye magari ya zamani yanayosukumwa na magurudumu ya nyuma. Mengi yalitengenezwa kwa ET ndogo, wakati rimu zinazojaa sokoni leo ni za magari yanayovutwa na magurudumu ya mbele, zenye ET 35 hadi 50.

Linganisha sasa matokeo yako na nafasi za hatua ya 4. Nafasi ya ndani iliyopo, ukitoa kiasi ambacho rimu inaingia, ibaki angalau milimita 5. Nje, ukiwa na gari tupu, mimi hupendelea kubaki na 10 na zaidi. Nchi nyingi haziruhusu tairi kutokeza nje ya bodi, kwa hiyo angalia sheria ya unakoendesha.

Rudia hesabu ukitumia upana wa tairi badala ya rimu, kwa sababu tairi hutuna kupita ukingo. Kwenye mfano wetu, kutoka 175 kwenda 195 ni ongezeko la milimita 10 kila upande: ndani 10 − 3 = 7, nje 10 + 3 = 13. Kati ya hesabu ya rimu na ya tairi, tumia iliyo kubwa. Ni tahadhari kidogo kupita kiasi, na ndivyo inavyotakiwa.

### Usihame mbali na ofseti ya kiwandani

Hata kama nafasi ipo, kushusha ET kupita kiasi kuna gharama. Mzigo unahama kutoka katikati ya beringi, na sehemu ambayo tairi linagusa ardhi inasogea mbali na mhimili wa usukani. Kwenye gari lisilo na pawa, usukani unakuwa mzito na kila shimo linafika mikononi.

Kuna magari ambayo hili ni suala la usalama. Audi 80 ya 1972, na Golf zilizofuata, zilipangwa kwa makusudi ili breki za upande mmoja zikifa, gari lijinyooshe lenyewe. Mpangilio huo unategemea ofseti. Binafsi nisingetoka zaidi ya milimita 10 kutoka ET ya kiwandani kwa gari la matumizi ya kila siku.

## Hatua ya 6: Chagua tairi linaloendana

Kipenyo chote cha tairi kisibadilike kwa zaidi ya asilimia 3. Hesabu ni: upana wa tairi × asilimia ya ubavu × 2, ongeza kipenyo cha rimu kwa milimita.

175/70 R13 inatoa 245 + 330.2 = 575.2. 195/50 R15 inatoa 195 + 381 = 576. Tofauti haifiki milimita moja. Spidomita itasema ukweli ule ule. Lakini 205/60 R15 inatoa 627, zaidi kwa asilimia 9. Spidomita itadanganya, gia zitakuwa nzito, na tao la fenda litaliwa.

Angalia pia namba ya mzigo. Matairi yote mawili ya mwanzo hupatikana kwa 82, yaani kilo 475 kwa kila tairi. Usishuke chini ya namba ya kiwandani, wala usifunge rimu ambayo mzigo uliochongwa juu yake ni mdogo kuliko nusu ya mzigo wa ekseli.

## Hatua ya 7: Kagua rimu na uijaribu tupu kabla ya kulipa

Rimu ya mtumba itazame kwenye mwanga, ukipitisha kidole ndani ya ukingo wote. Tafuta nyufa kuzunguka matundu ya nati na pale mikono inapoungana na mduara. Alama ya kuchomelea kwenye mkono wa rimu ni sababu tosha ya kuondoka. Rangi nene mpya upande wa nyuma, usioonekana, nayo inanitia wasiwasi kuliko mikwaruzo upande wa mbele. Omba izungushwe kwenye mashine ya balansi uone kama inayumba. Alama za JWL na VIA huonyesha rimu iliyotengenezwa kwa viwango vya Kijapani. Namba ya KBA ni idhini ya Ujerumani.

Kisha ifunge bila tairi kwenye habu ya mbele, kwa nati mbili zinazotazamana au tatu zilizopishana kama matundu ni matano, ukikaza kwa mkono tu. Izungushe taratibu. Unatafuta kitu ambacho ofseti haikuambii: mikono ya rimu na kalipa. Rimu mbili za ET moja zinaweza kutofautiana hapa kabisa, kwa kuwa moja ina mikono iliyotuna na nyingine imenyooka. Bandika udongo laini kwenye kalipa kabla ya kuzungusha. Uliobaki uwe na unene wa angalau milimita 3. Weka breki pedi mpya akilini pia, maana kalipa husogea kadiri pedi zinavyokwisha.

Umefaulu kama: rimu inazunguka duara zima bila kugusa, na uso wake umelala bapa kwenye habu pasipo mwanga kupenya.

## Hatua ya 8: Nati na bolti sahihi

Nati za zamani usizitumie kabla ya kuangalia kiti chake, yaani sehemu inayogusa rimu. Rimu nyingi za madukani zinataka kiti cha koni cha nyuzi 60. Honda za kiwandani hutumia kiti cha mviringo kama nusu mpira, Volkswagen na Mercedes vilevile kwa bolti, na rimu za aloi za Toyota hutumia nati ndefu yenye washa bapa. Kiti cha mviringo kwenye tundu la koni hugusa mstari mwembamba tu. Hukaza vizuri gereji, hulegea barabarani.

Kina cha hesi kisipungue kipenyo cha bolti. Kwa M12x1.5 ni mizunguko 8 kamili, kwa M12x1.25 ni karibu 10. Hesabu kwa mkono kabla ya kutumia spana.

Kwenye magari ya bolti kuna mtego wa pili: bolti ndefu mno hupenya hadi ndani ya dramu ya nyuma na kugonga breki. Ukishafunga, zungusha gurudumu kwa mkono likiwa juu. Ukisikia mlio wa kugonga, bolti ni ndefu. Usiendeshe.

## Hatua ya 9: Kufunga

1. Weka vizuizi, legeza nati kidogo, inua, weka stendi. Jeki peke yake si mahali pa kutegemea uhai.

2. Safisha uso wa habu na mdomo wake kwa brashi ya waya mpaka chuma kionekane. Gamba la kutu lenye unene wa nusu milimita linatosha kuyumbisha gurudumu, na baada ya kilomita chache linasagika na kuacha nati zimelegea.

3. Weka ringi ya habu ndani ya rimu, mfano 73.1 kwenda 57.1. Iingie kwa kubanwa kidogo, isicheze. Kutetemeka kule kwa kilomita 90 kulikotajwa mwanzoni mara nyingi kunatokana na ringi iliyokosekana.

4. Funga nati zote kwa vidole hadi zikae. Kaza kwa mpangilio wa kuvuka, si kwa kuzunguka duara.

5. Shusha gari, malizia kwa spana ya toki. M12 nyingi ziko kati ya Nm 90 na 120. Golf ya pili ni 110. Fuata kitabu cha gari lako. Usipake oili wala grisi kwenye hesi, kwa sababu spana itaonyesha namba ile ile huku stadi ikivutwa kupita uwezo wake.

## Hatua ya 10: Jaribio la kugusa

Paka chaki ndani ya mdomo wa fenda na kwenye mabega ya matairi. Pakia watu nyuma, kata usukani hadi mwisho pande zote, kisha panda taratibu juu ya tuta kwa gurudumu moja moja. Rudi nyuma pia ukiwa umekata usukani. Wengi hujaribu kwenda mbele tu.

Shuka uangalie chaki. Ikifutika kwenye plastiki laini ya ndani ya tao, unaweza kuihamisha au kuikata kidogo. Ikifutika kwenye chuma cha fenda, una njia tatu: tairi jembamba, rimu ya ET kubwa zaidi, au kukunja mdomo wa fenda. Njia hii ya mwisho iache kama hujui historia ya bodi. Fenda ya zamani iliyowahi kujazwa pati hupasuka ikikunjwa, na chini yake mara nyingi kuna kutu iliyokuwa ikisubiri. Ikiguswa shokapu, hakuna cha kukata. Rimu hiyo si yako.

## Vipi kuhusu spesa?

Spesa, sahani inayowekwa kati ya habu na rimu, hupunguza ET kwa unene wake: ET45 yenye spesa ya 10 inakuwa ET35. Inaponya tatizo la ndani kwa kusogeza gurudumu nje. Haiponyi tatizo la nje.

Kubali tu spesa yenye mdomo wake wa katikati unaokaa kwenye habu na kubeba rimu. Ile sahani bapa inayocheza huru huondoa msaada wa habu kabisa. Spesa ya kupita inahitaji stadi ndefu kwa kiasi kile kile. Ile nene, ya milimita 20 na kuendelea, huja na stadi zake, na nati zake za ndani nazo zinatakiwa kukaguliwa. Kurundika spesa mbili ni hapana.

## Hatua ya 11: Baada ya kilomita 50 hadi 100

Kaza tena kwa spana ya toki, gari likiwa chini na rimu zimepoa. Aloi mpya hujikalisha, na nati kugeuka kidogo ni kawaida. Ikigeuka zaidi ya hapo, fungua uangalie kiti cha nati na kutu ya habu.

Kisha peleka alaimenti. Baada ya wiki chache pitisha kiganja juu ya tairi kutoka nje kwenda ndani: ukihisi meno upande mmoja, alaimenti haikukaa.

Lililobaki ni tairi la akiba. Kama ni rimu ya chuma ya zamani, inahitaji nati au bolti zake za zamani, kwa hiyo zifunge kwenye mfuko uziweke buti pamoja na jeki. Kwenye magari ya bolti andika kwenye mfuko "za akiba tu", maana anayebadilisha tairi usiku atachukua zile ndefu zilizo mkononi, na kwenye rimu nyembamba ya chuma hizo ndizo zitakazofika hadi ndani ya dramu.